Mahafali ya Binti Yetu Yako Jangwani: Gari-nyumba Tuliegeshe Wapi?

Kwa Mshauri wa safu hii,

Assalaam alaikum. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Malindi, na ninakuandikia kwa sababu jambo lililoanza kwa furaha sasa linatukosesha usingizi mimi na mke wangu. Binti yetu wa pili anamaliza masomo yake katika Chuo Kikuu cha Arizona, mjini Tucson, na mahafali yake yatakuwa Ijumaa jioni, katikati ya mwezi wa Mei. Viza tumepata, tiketi tumelipa, na mpwa wangu anayeishi Los Angeles amejitolea kutupokea na kutufikisha huko. Kwa kuwa wiki ya mahafali hoteli hupandisha bei, ameamua kukodi gari-nyumba, yaani yale magari makubwa yenye vitanda, jiko na choo ambayo Wamarekani huyaita RV. Lina urefu wa futi 30 na viyoyozi viwili juu ya paa. Tutakuwa watu sita: sisi wawili, mpwa wangu, mkewe, na watoto wao wa miaka sita na tisa. Tutakaa siku nne.

Mpwa wangu, kwa adabu aliyolelewa nayo, amenitumia majina ya viwanja vitatu vya kuegesha magari hayo akaniambia, "Mjomba, chagua wewe, ndiwe mkubwa wetu." Kiwanja cha kwanza kiko kando ya barabara kuu, dakika chache kutoka chuoni. Kina umeme wa ampea 50, maji, na bomba la maji taka kwenye kila nafasi, na bei ni dola 62 kwa usiku mmoja. Lakini picha zake hazivutii, ni changarawe na ukuta tu. Cha pili kinapendeza mno: bwawa la kuogelea, ukumbi wa burudani na mitende, kwa dola 70. Katika maelezo yake wameandika "55+", nami nikadhani ni idadi ya nafasi. Cha tatu ni kambi ya serikali ya kaunti iliyo magharibi mwa mji, katikati ya jangwa lenyewe, kwa dola 30 tu. Umeme wake ni wa ampea 30, na nafasi zake hazina maji wala bomba la maji taka. Mpwa wangu anakipenda hiki cha tatu kwa bei na mandhari yake. Mke wangu, ambaye ana kisukari na hujidunga insulini, anakitaka cha pili kwa ajili ya kivuli. Mimi sina hoja ya kusimamia. Joto la Malindi tumelizoea. Je, la jangwani litatushinda? Na mtu aliye Malindi atachaguaje mahali ambapo hajawahi kupakanyaga?

Baba wa Mhitimu, Malindi

*

Mwalimu wangu, waalaikumu salaam, na shikamoo. Hongera wewe na mama kwa kumsomesha binti hadi kuvaa joho katika nchi ya mbali. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha na mara ya pili kwa makini, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kulala Tucson katika gari la namna hiyo nilipokwenda kumtembelea kaka yangu, na makosa tuliyoyafanya sipendi yakupate wewe ukiwa na mgonjwa na watoto.

Jibu langu ni kiwanja cha kwanza, kile cha changarawe na ukuta. Hata hivyo, kuchagua kiwanja hakutoshi. Inakupasa uchague pia nafasi utakayoegesha ndani ya kiwanja hicho, na hapo ndipo watu wengi hukosea.

Nianze na cha pili, maana habari yake ni fupi. Hiyo "55+" si idadi ya nafasi bali ni umri. Sheria ya Marekani ya mwaka 1995 kuhusu makazi ya wazee inayaruhusu makazi ya namna hiyo kukataa familia zenye watoto, mradi angalau asilimia 80 ya makazi yanayokaliwa yawe na mtu mmoja wa miaka 55 au zaidi. Arizona imejaa viwanja hivyo. Vipo vinavyowaruhusu wajukuu kama wageni wa siku chache na kuwapangia saa zao za bwawa, na vipo visivyowaruhusu kabisa. Wewe na mama mngekaribishwa, lakini watoto wa mpwa wako huenda wakazuiwa langoni, na hakuna ugeni mchungu kama wa mtoto kuambiwa kwamba hatakiwi. Mkipigia simu na mkakubaliwa kwa maandishi, ni sawa. Bila maandishi, kiacheni.

Sasa joto, ambalo ndilo kiini cha swali lako. Katikati ya Mei, mchana wa Tucson kwa kawaida hufika nyuzi 34 au 35 za Selsiasi, na siku nyingine huvuka 37. Ukitazama tarakimu hizo utasema kwamba si mbali sana na Malindi ya mwezi wa Machi, na hapo ndipo mtu wa pwani anapodanganyika. Hapa kwetu hewa ina unyevu unaozidi asilimia 70. Ukitembea kutoka sokoni hadi nyumbani shati hukugandama mgongoni, nawe ukijiona umelowa unajua kwamba mwili umechoka na unahitaji maji. Kule, alasiri ya mwezi wa Mei, unyevu mara nyingi haufiki asilimia 20, na jasho hukauka kabla hujaliona. Ngozi inabaki kavu, unajiona huna tatizo, kumbe mwili unapoteza maji saa baada ya saa. Kwa mama ni zaidi, kwa sababu mwili ukikauka sukari hupanda katika damu. Asisubiri kiu. Awe na chupa yake mkononi, anywe kidogo kidogo mchana kutwa, na kabla ya safari amuulize daktari wake jinsi ya kupima na kudunga katika hali hiyo. Usiku, kwa upande mwingine, jangwa hupoa kwa namna ambayo Malindi haipoi; katikati ya Mei hushuka hadi nyuzi 17 au 18 alfajiri, kwa hiyo chukueni leso nzito na sweta, hata kama majirani watawashangaa mkifungasha sweta kwa safari ya jangwani.

Nyumba zetu za mawe, za Lamu na hata za mji wa kale wa Malindi, zina kuta nene kama urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, ndiyo maana ukiingia ndani saa nane mchana unahisi umepokewa na kivuli. Ukuta wa gari-nyumba haupiti upana wa kiganja. Likisimama juani bila umeme, ndani yake huwa tanuri. Kwa hiyo kivuli anachokitafuta mama, kwa ukweli, kinatoka kwenye umeme, na ni sharti tuuangalie umeme kwa karibu.

Kwenye kila nafasi utakuta kisanduku cha kijivu juu ya nguzo inayokufika kiunoni. Ukifungua kifuniko chake utaona tundu kubwa lenye njia nne, ambalo ni la ampea 50. Tundu lenye njia tatu, la ampea 30. Na tundu dogo la kawaida la ampea 20. Kila moja lina swichi yake. Tofauti kati ya 30 na 50 si ndogo kama inavyosikika. Umeme wa Marekani ni wa volti 120, si 240 kama wetu. Ampea 30 kwa volti 120 ni wati 3,600. Lile la ampea 50 lina nyaya mbili za volti 120, kila moja ikibeba ampea 50, yaani wati 12,000 kwa jumla. Kiyoyozi kimoja cha paani hula ampea 12 hadi 16 kinapofanya kazi kwa nguvu, na birika la umeme hula kama ampea 12. Sasa hesabu mwenyewe, Mwalimu: kwenye ampea 30, kiyoyozi kimoja kinazunguka, mkwe wako anataka kuchemsha maji ya chai, friji inavuta umeme wake, na swichi inakatika. Kiyoyozi cha pili hakitawashwa kabisa. Gari la futi 30 lenye watu sita, jua la saa tisa alasiri likilipiga, linahitaji viyoyozi vyote viwili. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kukikataa kiwanja cha tatu, ijapokuwa bei yake ni nusu.

Sababu ya pili ni maji taka. Gari la ukubwa huo kwa kawaida hubeba tangi la maji ya kuogea na kuoshea vyombo la lita 115 hadi 150, na tangi la choo pembeni yake. Mahali penye bomba kwenye nafasi, maji ya kuogea huenda zake. Mahali pasipo bomba, yote hukusanywa, na tangi likijaa inabidi mfungashe kila kitu, muwashe gari, mwende kumwaga kwenye kituo cha kambi, kisha mrudi mpange tena. Familia yenu ni ya watu sita wanaooga mara mbili kwa siku kwa mazoea ya pwani, na watu wazima wanne wanaotia udhu mara tano. Sidhani tangi hilo lingewafikisha siku ya pili, na Ijumaa ya mahafali si siku ya kuhangaika na mpira wa maji taka.

Insulini nayo ina neno. Chupa ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Friji nyingi za magari-nyumba hupoa polepole, na zile zinazotumia gesi na umeme kwa kupokezana hazifanyi kazi vizuri gari likiwa limeinama upande. Mwambie mpwa wako aiwashe friji usiku wa kuamkia safari, ahakikishe gari limelala sawasawa kila mnapoegesha, na aweke kipimajoto kidogo ndani yake. Dawa isigusane na mapezi ya kupozea yaliyo nyuma, kwa sababu insulini iliyoganda haifai tena. Kama mna kifaa chochote cha matibabu cha kuchomeka ukutani, angalieni maandishi yake: kikisomeka 100–240 kitafanya kazi kule, na kikisomeka 240 peke yake kitakuwa mzigo tu.

Nikirudi kwenye kiwanja cha kwanza, sitakuficha kasoro yake. Barabara kuu ya kupita Tucson na reli zimeandamana kwa sehemu kubwa, na treni za mizigo hupita usiku na mchana. Reli ilifika mji huo mwaka 1880, kwa hiyo si reli ya kuhama leo. Sisi tulifika saa tatu usiku, tukapewa nafasi ya mwisho iliyobaki, iliyokuwa mgongo kwa mgongo na reli. Saa saba usiku treni ilipiga honi, nami nikaruka kitandani nikidhani lori linatuingilia. Ikapita nyingine kabla ya alfajiri. Kesho yake tuligundua jambo baya zaidi: tundu la umeme la nafasi ile lilikuwa na weusi wa kuungua, na alasiri, joto lilipofika kileleni, umeme ulikatika mara tatu. Msimamizi alituambia kwamba nafasi nzuri zilikuwepo tangu mchana. Tungepiga simu mapema na kutaja tunachokitaka, tungepata. Kiwanja kilekile, safu mbili mbele, nyuma ya jengo la kufulia, watu walilala fofofo.

Kwa hiyo mwombe msimamizi safu iliyo mbali kabisa na reli na barabara. Ukiwa hapo Malindi unaweza kuitazama picha ya kiwanja kutoka angani kwa simu yako: reli utaiona kama mstari mwembamba, na miti utaitambua kwa vivuli vyake. Hesabu safu, kisha uitaje kwa jina au nambari. Nakusihi pia usome maoni ya wageni waliokaa hapo Mei na Juni, na uyaruke ya Januari. Viwanja vya Tucson huishi kwa msimu kama hoteli zetu. Wazee wanaokimbia theluji ya kaskazini huwasili kuanzia Oktoba na Novemba, na mwishoni mwa Januari na Februari mji hujaa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya vito na madini, kisha ifikapo Aprili wengi wamekwisha kuondoka, jinsi Malindi inavyobaki kimya masika yanapoingia. Anayesifu kiwanja mwezi wa Januari anasifu jua la uvuguvugu. Hajui kama miti ile ina kivuli cha kutosha wala kama umeme unahimili viyoyozi mia vikiwashwa kwa pamoja. Kwa upande wenu, Mei ina faida: nafasi zipo, na msimamizi ana moyo wa kukusikiliza. Ulizia pia bei ya wiki, kwa sababu mara nyingine siku saba hukaribiana na bei ya siku tano.

Jambo la mwisho la kuomba ni mwelekeo, na hili wageni wengi hawalijui. Magari-nyumba ya Marekani yana mlango upande wa kulia, na turubai la kivuli hukunjuliwa upande huohuo. Gari likielekeza pua yake magharibi, turubai huwa kaskazini, na mwezi wa Mei upande huo ndio wenye nafuu alasiri. Kioo cha mbele ndicho kinachopigwa zaidi na jua la kuzama, nacho hufunikwa kwa pazia la kung'aa. Pua ikielekea kaskazini, turubai huwa mashariki, na hilo pia linafaa. Pua ikielekea kusini, mtakula chakula cha jioni jua likiwachoma usoni. Turubai lenyewe likunjwe kila mnapoondoka, kwa kuwa upepo wa alasiri kule huja bila hodi na hulivunja. Watoto nao waonywe kuhusu mpira wa maji: maji yaliyolala ndani ya mpira juani huunguza, basi yamwagwe ya mwanzo kabla mtu hajanawa.

Kutoka Los Angeles hadi Tucson ni kama kilomita 780, safari iliyo ndefu kuliko ya Malindi hadi Nairobi, na gari-nyumba halikimbii. Msipange kufika usiku kama tulivyofanya sisi. Mkifika kukiwa na mwanga mtakikagua kile kisanduku cha kijivu kabla ya kuchomeka, na mkiona weusi kwenye tundu mtaomba nafasi nyingine bila kuona haya. Zimeni swichi, chomekeni, ndipo muiwashe.

Gari lenyewe msilipeleke chuoni, kwani hakuna pa kuliegesha futi 30 siku ya mahafali. Kodini gari dogo kwa siku hizo nne. Ipo pia tramu ya mjini iliyoanza Julai 2014, yenye njia ya kilomita 6 na kidogo, inayounganisha chuo na katikati ya mji. Msikiti wa Kituo cha Kiislamu cha Tucson uko jirani kabisa na chuo, kwa hiyo Ijumaa mnaweza kuswali hapo na kubaki karibu hadi sherehe ya jioni, mradi mama awe mahali penye kiyoyozi mchana. Kwa kuwa mtarudi usiku, mwulizeni msimamizi saa za utulivu huanza lini, kwa kawaida ni saa nne usiku, na kama lango lina nambari ya siri.

Mpwa wako naye asione kwamba tumemdharau. Jangwa analolipenda ni zuri kweli, na mmebahatika kwa majira. Mei ndio mwezi ambao saguaro, ile midungusi (cactus) mikubwa yenye mikono kama ya mtu anayeomba dua, inachanua. Maua yake meupe hufunguka usiku na kujifunga alasiri inayofuata, na mmea mmoja huweza kukaa miaka 50 hadi 75 kabla ya kuchipua mkono wake wa kwanza. Siku ya Jumamosi, baada ya sherehe, amkeni mapema, mchukue lile gari dogo mwende Hifadhi ya Taifa ya Saguaro kabla ya saa moja asubuhi, maua yakiwa bado wazi na hewa ikiwa baridi, na kufikia saa nne muwe mmerudi kwenye viyoyozi vyenu. Vaeni viatu vilivyofunika miguu, kwani nge na nyoka wa huko nao hutembea kukiwa na ubaridi.

Arizona haibadilishi saa zake majira ya joto, hivyo tofauti yetu nao ni saa kumi mwaka mzima. Ukimpigia msimamizi saa moja usiku kwa saa za Malindi, kwake itakuwa saa tatu asubuhi, ofisi imefunguliwa na bado hajachoka. Mtajie urefu wa futi 30, ampea 50, safu ya mbali na reli, pua magharibi, na umwombe akuandikie nambari ya nafasi pamoja na masharti ya kurudishiwa fedha endapo gari litaharibika njiani.